Jicho la Mtu wa Nyuma

Baba alianza kushona mishono iliyopinda mwaka uleule nilioajiriwa kwenye mradi wa macho. Mwanzoni sikuyahusisha mambo hayo mawili. Yeye alikuwa fundi wa nguo wa siku nyingi pale Kaloleni, mtaa wa Kisumu. Cherehani yake ilikaa barazani mwa nyumba ya kaunsili ya mji tuliyoishi tangu sijazaliwa, na watu walimletea sare za shule, kanzu za Idi na majoho ya kwaya za makanisa ya mtaa. Babu alikuja Kisumu kutoka pwani na kazi ya reli, akaoa huku, akazeekea huku. Kwake Baba alirithi dini, Kiswahili cha nyumbani, na tabia ya kutolalamika mbele ya watu.

Miwani aliipata bure. Kabla sijaajiriwa, watu wa mradi walikuja kupima macho katika ukumbi wa mtaa, na Baba akapanga foleni tangu asubuhi akiwa amevaa koti lake la Ijumaa. Miezi ikapita, miwani ikafika kutoka ng'ambo, kila moja ndani ya pakiti yenye jina la mwenyewe. Siku ya kuigawa walikuja wageni wenye kamera. Majina yaliitwa, watu wakavalishwa, makofi yakapigwa. Hakuna aliyeambiwa asome herufi ukutani. Waliosema kichwa kinawazunguka waliambiwa wavumilie. Macho ni kama miguu ndani ya viatu vipya, yatazoea.

Baba akavumilia. Alimimina chai kando ya kikombe, akafuta meza kwa kiganja. Uzi aliutunga sindanoni kwa kupapasa. Usiku alilala na kitambaa chenye maji kichwani. Mama alimwambia avue hiyo miwani.

"Nimepewa na daktari," alijibu. "Nikiivua nitasema nini?"

Kisha kwaya moja ikaleta kitambaa cha majoho mapya, na kola zikatoka upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Kiongozi wao, mama mpole sana, aliyarudisha akisema, "Mzee, labda ulikuwa na haraka." Baba aliyafumua yote, akayashona upya, na bado yalipinda. Safari iliyofuata kwaya haikuja. Siku moja tukiwa barazani tuliwaona wanakwaya wawili wakipita barabarani na mfuko wa kitambaa, wakielekea kwa mafundi wa sokoni. Walipotuona walitazama chini. Baba aliwasalimu, akawaulizia watoto wao, akawatakia mazoezi mema. Walipopotea kwenye kona alisimamisha cherehani, akakaa na mikono magotini mpaka adhana ya alasiri.

"Macho yangu yanakufa," aliniambia siku hiyo. Hakusema kwa kunung'unika. Alisema kama mtu anayesema mvua inakuja.

Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya ukarani na kompyuta, na mradi ulikuwa umepata kompyuta yake ya kwanza na hauna wa kuitumia. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya hospitali. Chumba kimoja kilikuwa cha Daktari, mtu mrefu aliyesomea ng'ambo, mwenye haya, aliyekuwa akizungumza na wagonjwa huku akitazama viatu vyake. Kingine tulikaa mimi na Sista, muuguzi wa macho, mama wa makamo kutoka pande za Seme, ambaye ndiye aliyepima watu wote wale kwa mkono wake, kwanza Muhoroni kwenye mashamba ya miwa, kisha Kisumu. Alinipokea kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kijaluo, na tangu siku ya kwanza hakuniita kwa jina langu. Aliniita Nyar Kaloleni, binti wa Kaloleni.

Kazi niliyopewa ilikuwa moja. Wafadhili walitaka taarifa, nao waliitaka kwa mpangilio mmoja: mtu mmoja, mstari mmoja. Jina, umri, mahali, jicho la kulia, jicho la kushoto, vyote vifuatane kwenda kulia, kisha mtu wa pili aanze mstari wa chini. Daktari alinipa disketi kutoka makao makuu yetu Nairobi, ambako karatasi za Sista zilichapwa kwenye mashine za zamani. Nilipolifungua faili kwenye kompyuta yetu, niliona kwa nini hawakulitaka lilivyo. Kila mtu alikuwa amekatika vipande viwili. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina, umri, mahali na jicho la kulia. Wa chini yake haukuwa na jina, ulikuwa na jicho la kushoto peke yake. Ndivyo Sista alivyoandika kwenye karatasi zake, kulia juu na kushoto chini, kwa sababu ndivyo nafasi ilivyomruhusu, na aliyechapa akafuata vivyo hivyo.

Siku hizi kazi hiyo mtu angeifanya kwa dakika chache. Mimi sikujua njia ya mkato. Nilichukua kila mstari wa jicho la kushoto, nikaupandisha kando ya mwenyewe, nikafuta pengo lililobaki, nikaenda kwa anayefuata. Stima ikikatika nilipoteza kazi ya asubuhi nzima na kuanza tena. Nilikuwa nimezoea, na kwa kweli nilikuwa nikiifurahia, mpaka nilipofika katikati ya watu wa Muhoroni nikamkuta mtu mwenye mstari mmoja tu. Chini yake hapakuwa na jicho la kushoto. Palikuwa na jina la mtu mwingine.

Nilimuuliza Sista. Hakuhitaji hata kutafuta karatasi.

"Huyo ni mkata miwa," alisema. "Jicho la kushoto alichomwa na kisiki cha muwa zamani. Halipo. Sasa ningepima nini?"

Nikaacha nafasi yake wazi, nikaendelea. Nilipowamaliza wote, Daktari akaniletea disketi nyingine iliyotoka kwa watengenezaji wa miwani, ikionyesha kila mtu alitengenezewa lenzi gani. Alitaka niziweke kando ya vipimo ili wafadhili waone kwamba kilichopimwa ndicho kilichotolewa. Niliziweka, nikachapisha, nikampelekea karatasi bado zina joto la printa. Alizipokea amesimama. Baada ya ukurasa wa pili akakaa.

"Huyu mtu hayupo," alisema.

Nilidhani nimekosea jina.

"Hakuna binadamu mwenye macho haya. Tazama. Mzee wa miaka zaidi ya hamsini. Jicho la kulia amepewa lenzi ya kukuza, ya kusomea, sawa na umri wake. La kushoto amepewa lenzi ya kupunguza, kali, ya kijana asiyeona mbali. Na vipimo vya Sista havisemi hivyo." Aliteremsha penseli. "Na huyu. Na huyu. Na huyu pia."

Alimwita Sista, tukainama wote watatu juu ya meza. Watu wa mwanzo wa orodha walikuwa sawa. Kosa lilianzia kwa mkata miwa, na kuanzia kwake halikumwacha mtu. Tulilielewa polepole. Kabla ya kuagiza miwani, mtu wa makao makuu alikuwa ameikusanya mistari yote ya jicho la kushoto na kuipanga kando ya ile ya kulia, wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili. Alidhani kila mtu ana macho mawili. Mkata miwa alipokosa lake, akapewa la mtu aliyefuata. Aliyefuata akapewa la aliye nyuma yake. Ilikuwa kama kufunga shati ukakosea tundu la kifungo cha juu. Kila kifungo kinachofuata kinakwenda mahali pasipo pake mpaka chini.

Muhoroni nusu, na Kisumu yote.

Nilijua kabla sijatafuta. Hata hivyo nilifunua karatasi mpaka kwa watu wa Kaloleni, nikauona mstari wa Baba. Jicho la kulia lake. Jicho la kushoto la msichana wa shule aliyesimama nyuma yake kwenye foleni. Na lenzi yake mwenyewe ya kushoto alikuwa nayo aliyekuwa mbele yake, mama mmoja wa mtaa wa Nyalenda aliyekuja kupimwa kwetu.

Daktari alivua miwani yake mwenyewe, akasugua macho. "Msimwambie mtu bado," alisema. "Nitaandika makao makuu kwanza. Wafadhili wakisikia kwa watu kabla hawajasikia kwetu, mradi umekufa, na wale wanaosubiri kupasuliwa mtoto wa jicho watakwenda wapi?"

"Daktari," nilisema, "mmoja wao ni baba yangu."

Alitazama viatu vyake kwa muda. "Basi baba yako mwambie."

"Na baba za wengine?" Sista aliuliza.

Daktari aliivaa tena miwani yake. Sista alikusanya zile karatasi, akazigonga mezani zikae sawa, akatoka. Mlango aliufunga taratibu, na upole ule uliuma kuliko kama angeubamiza.

Nilimwambia Baba jioni ile baada ya Magharibi, wakati Mama anaondoa vyombo. Nilieleza kwa urefu, kwa mfano wa vifungo, kwa sababu nilijua vifungo angevielewa. Alinisikiliza akiwa ameivaa miwani ileile, kichwa amekiinamisha kidogo upande kama alivyozoea tangu aipate.

"Unasema hii si yangu."

"Ya kulia ni yako. Ya kushoto ni ya mtoto wa shule."

"Nimekaa nayo tangu masika."

"Najua, Baba."

"Nimepoteza kwaya. Nimepoteza shule mbili." Sauti yake ilianza kupanda, jambo tusilolizoea. "Sasa unaniambia nimeteseka bure? Hiyo mashine yenu ndiyo imekosea. Daktari hawezi kumvalisha mtu jicho la mwenzake na kumpigia makofi."

Nilitaka kubishana. Mama alinizuia kwa mkono. Alikwenda mbele yake, akaishika miwani pande zote mbili, akaivua usoni mwake kama anavyomvulia mtoto kofia, na Baba akamwacha. Alikaa akipepesa macho kwenye mwanga wa taa. Alama nyekundu za miwani zilikuwa zimeingia puani.

"Basi macho yangu ni mazima," alisema baadaye, kwa sauti ya chini.

Nikasema ndiyo. Vipimo vilisema hivyo, nami sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Jibu la makao makuu lilichelewa. Kila asubuhi Daktari aliulizia barua, na kila asubuhi Sista aliulizia gari. Watu waliendelea kuja kliniki na maumivu ya kichwa, na Daktari akaanza kuwaambia waivue miwani kwa muda, itarekebishwa, bila kusema kwa nini. Nilimwona akikonda. Siku moja alitoka ofisini kwake na ufunguo wa gari mkononi, akauweka juu ya kibodi yangu, akamwambia Sista, "Nendeni. Nitakachoulizwa nitajibu mimi." Nadhani hakuwa amepata barua yoyote.

Miwani yote ilikuwa ya aina moja, ukubwa sawa isipokuwa ya watoto, kwa hiyo Sista angeweza kutoa lenzi kwa bisibisi ndogo na kuihamishia kwa mwenyewe. Ila ilibidi tufuate foleni kama ilivyokuwa siku ya kupima, mtu kwa mtu. Aliyekuwa amehama au kufa, au aliyeiuza miwani yake, alimwacha wa nyuma yake bila jicho, tukaandika jina lake aagiziwe jingine. Mimi nilibeba karatasi zangu zenye mstari mmoja kwa kila mtu. Zilikuwa safi sana, karatasi zile. Kuzitazama usingejua.

Tulianza Muhoroni kwa mkata miwa mwenyewe. Tulimkuta kwake, siku haikuwa ya zamu, matrekta ya miwa yakitifua vumbi barabarani mbele ya nyumba. Alikuwa ameivaa miwani yake. Nyuma ya lenzi ya kushoto kope zilikuwa zimefumba na kuzama. Sista alimweleza kwa Kijaluo, na nilimwona anacheka, kisha anaacha kucheka.

"Anasema alidhani tumemheshimu," Sista alinitafsiria. "Kwamba tumeona pana jicho."

Tulimwomba ile lenzi, kwa kuwa mwenyewe, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alikuwa akiihitaji. Aliuliza kama fremu itabaki na tundu. Alisema akiivaa watoto wa jirani hawamkimbii. Sista alipekua mkoba wake, akapata kioo kitupu cha miwani kisicho na nguvu, akakifunga pale pa kushoto, akamrudishia. Aliivaa, akaingia ndani kujitazama kwenye kioo cha ukutani, akatoka ameridhika. Huyo ndiye pekee katika kazi ile yote tuliyemwacha kama tulivyomkuta.

Mama wa Nyalenda tulimpata juma lililofuata. Alikuwa akiuza dagaa wa omena na nyanya mbele ya nyumba yake, karibu na bomba la maji la mtaa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekaa vibaya, kama mfupa ulioungwa haraka. Miwani ilikuwa ndani ya kikopo cha majani ya chai, imefungwa kwa kitambaa. Alitukaribisha kwa heshima. Alipomtambua Sista alimshika mkono asiuachie.

"Sista, mimi nimeacha kuvaa," alisema. "Msinikasirikie. Nilianguka nayo."

Alitueleza. Alikuwa akitoka bombani na mtungi wa maji kichwani, akakanyaga ubao wa mfereji pale alipouona ubao, na ubao haukuwa pale. Mkono ukavunjika. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuanguka mara kadhaa, kuunguza chakula, kumrudishia mteja pesa zisizo sawa. Lakini hakuifikiria miwani. Miwani ilikuwa zawadi.

"Nilisema ni mwenzangu," alisema.

Sista alimuuliza mwenzake yupi.

"Mke mwenzangu. Tulikaa nyumba hii moja, mimi na yeye, mume yuko Nairobi. Tulikuwa tunapatana, Sista, usione hivi. Yeye ndiye alinishikia nafasi kwenye foleni yenu. Lakini macho yalipoharibika, watu wakaniambia, nani alikuwepo? Nani anakuonea kijicho? Nikasema ni yeye. Nikamwambia mbele ya watu hapa bombani kwamba amenitupia kitu machoni. Nilipovunjika mkono, ndugu za mume wakaja, wakamwambia aondoke. Akaenda kwao na watoto."

Sista alikuwa amekwisha kutoa bisibisi. Aliirudisha mfukoni. Alimweleza yule mama yote kwa Kijaluo, polepole, akichora kwa kidole mavumbini watu waliopanga foleni. Sikuyaelewa maneno yote, lakini niliuona uso wake ulipoelewa. Hakupiga kelele. Alijifunika mdomo kwa kanga.

"Kwa hiyo hakunifanya kitu," alisema kwa Kiswahili, akinitazama mimi. Sijui kwa nini alinitazama mimi.

"Hakukufanya kitu, mama."

"Nani atamwambia?"

Nyuma yetu watu waligombania zamu ya maji.

"Mimi sijui kusema maneno ya kompyuta," aliendelea. "Nikienda peke yangu watasema natafuta mtu wa kunioshea vyombo kwa sababu ya mkono. Nyinyi ndio mlikosea. Twendeni nyote."

Sista alimrekebishia miwani. Alimtolea lenzi ya Baba, akaniwekea kiganjani imefungwa kwa pamba, akamwekea yake tuliyoipata kwa mtu wa mbele yake. Yule mama aliivaa, akatazama mwisho wa kichochoro, akasema anaona nguo zilizoanikwa, na rangi zake akazitaja. Hakutabasamu.

Gari la mradi halikuruhusiwa kwa safari kama ile, kwa hiyo tulikwenda Jumapili baada ya Sista kutoka kanisani, watatu, kwa nauli yetu, mpaka kijijini kwa akina mke mwenza, upande wa Asembo ambako ziwa linaonekana kutoka kila ua. Tulikaribishwa viti. Mke mwenza alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, mnyamavu, mtoto mgongoni. Sista alisema aliyokuja kusema. Alisema kosa ni la ofisi yetu, akalirudia, ili wazee wa pale wasikie. Nilitoa karatasi, nikaonyesha mistari, na mara moja nikaona aibu, kwa sababu nani pale alihitaji kuona mistari.

Kisha yule mama wa Nyalenda akaongea mwenyewe. Alipiga magoti. Kwa mkono ule mmoja mzima aliishika miguu ya mwenzake.

Mke mwenza alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwinua, akamfuta vumbi magotini. Akatuletea chai na viazi vitamu, akatuhudumia kwa adabu zote. Tulipoaga alisema kitu kifupi, na Sista alinitafsiria njiani.

"Amesema amesikia."

"Atarudi?"

"Amesema amesikia, Nyar Kaloleni. Hakusema zaidi."

Yule mama alitembea mbele yetu mpaka barabarani bila kugeuka nyuma. Baadaye niliambiwa na mtu wa Nyalenda kwamba watoto walirudi wakati wa shule, na mwingine akaniambia hapana, waliokuja ni watoto wa dada yake. Sikupata kujua.

Siku ya Baba ilikuwa Jumatatu. Alikuja hospitali amevaa lile koti la Ijumaa, Mama kando yake. Sista alimfungia lenzi yake palepale mbele yangu, akaisafisha, akamvalisha. Alikuwa na furaha, nakumbuka, hata alimtania. "Mzee, leo utaniona nilivyozeeka."

Baba alitazama kitabu alichopewa. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akasoma mistari midogo ya chini kabisa, upesi, na Mama akacheka kwa sauti. Akafunika la kulia. Akasogeza kitabu mbele, akakirudisha.

"Herufi ziko wapi?" aliuliza.

Sista aliikagua lenzi. Akaigeuza, akairudisha. "Hapo je?"

"Naona moshi. Katikati kidogo naona. Pembeni hakuna kitu."

Sista aliacha kutania. Alimchukua chumba cha ndani, akazima taa, akamtazama ndani ya jicho kwa muda mrefu. Nilimsikia akimwita Daktari. Walileta kile kifaa cha kupima presha ya jicho, ambacho kilikuwa kimoja tu na hakikutoka hospitalini siku za kupima mitaani. Daktari alipima, akapima tena. Alipotoka hakutazama viatu. Alikaa kwenye benchi karibu na Baba.

"Mzee, jicho la kushoto lina presha. Imekula mshipa wa nyuma. Kilichokwenda hakirudi. Tutakupa dawa ya matone ili lililobaki lisiende, na la kulia lisishikwe."

"Si miwani?"

"Miwani ilikuwa na kosa. Hili ni jambo jingine."

"Niliwaambia jicho halioni," Baba alisema. "Nilisema siku ileile ya kugawiwa miwani. Nikaambiwa nitazoea. Halafu nikaambiwa ni kosa la mashine." Hakunitazama. "Kama mngenitazama siku ile?"

Daktari alimgeukia. "Huenda tungeokoa kiasi. Sijui, Mzee. Siwezi kukuapia." Kisha akasema, "Nisamehe."

Baba alimpa mkono, kwa sababu mtu akikuomba radhi humwachi mkono wake ukining'inia. Tulirudi nyumbani kwa miguu, maana alikataa kupanda chochote. Karibu na reli alisimama kupumua.

"Bora kosa lingekuwa la mashine," alisema.

Mama alimwambia ashukuru Mungu kwa la kulia. Akasema anashukuru. Tukaendelea.

Makao makuu hatimaye walijibu. Miwani iliyokosekana ililetwa, mingi lakini si yote, na taarifa ikaenda kwa wafadhili ikiwa imepangwa vizuri, mtu kwa mstari wake. Daktari aliandika ukurasa mzima kueleza kosa, akautia sahihi peke yake. Mwaka uliofuata fedha hazikuja. Hawakusema ni kwa sababu hiyo, nasi hatukuuliza. Sista alirudi wodini. Mimi nikapata kazi ya uchapaji katika ofisi nyingine, mahali ambapo watu hawakuwa na macho, walikuwa na namba za nyumba.

Baba alitia matone asubuhi na jioni, na jicho la kulia likamtunza miaka mingi. Aliendelea kushona, lakini kukata kitambaa alimwachia Mama, naye akawa mkataji mzuri kuliko alivyotaka kukiri. Kwaya haikurudi. Kwenda msikitini alienda nami hadi langoni, kwa kuwa baiskeli za kubeba abiria zilikuwa zimejaa mjini na zilimjia kutoka upande asiouona. Siku za kwanza nilitembea upande wowote. Siku moja baiskeli ilimpita karibu sana hata ikamvuta kanzu. Alisimama, akanishika kiwiko, akanihamishia kushoto kwake, kisha akaanza kuniuliza bei ya sukari.